Maji ya Kitalu cha Chini

Viazi vilikuja na udongo wake. Aliyevituma hakuvifuta, na nadhani alifanya makusudi, maana Mama Tusekile, jirani yetu wa zamani kule Rungwe, si mtu wa kutuma kitu kichafu. Nilipokata uzi wa gunia pale sakafuni jikoni kwangu, Dodoma, harufu ilinifikia kabla sijaona kiazi hata kimoja. Ilikuwa harufu ya udongo mweusi, mzito, uliolowa mvua mpaka ndani, na ndani yake kitu kama majani ya mgomba yaliyoanza kuoza. Huku nilipo udongo ni mwekundu na haunuki mpaka mvua ya kwanza iuguse. Ule wa Rungwe unanuka wakati wote, kama nyumba ambayo watu wako ndani.

Mama yangu tulimzika miezi michache iliyopita, Singida, kwao, kwenye ardhi kavu ambayo majembe yaligonga kama yanagonga sufuria. Watu walikuwa wengi, na mimi nilikuwa na shughuli nyingi, kama mnavyojua shughuli za mfiwa zilivyo: maturubai, wapishi, nani alale wapi. Sikupata nafasi ya kukaa naye. Nafasi ile niliipata jikoni, mbele ya gunia la viazi, mgongo nikiwa nimeuegemeza kwenye kabati.

Nataka niwaeleze habari za kitalu kimoja cha mboga, na za neno moja nililolisikia vibaya nikiwa mtoto. Ni jambo dogo, lakini lina mambo yanayohitaji kuelezwa kwanza, kwa hiyo mnivumilie.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa darasa la tatu alihamishwa kutoka Singida kwenda Kyimo, karibu na Tukuyu, huko Rungwe, na tulihama wawili tu. Baba alikuwa ameacha kuja nyumbani muda mrefu kabla ya hapo. Hakuna aliyeniketisha kunieleza amekwenda wapi. Nilichopata ni sentensi moja ya shangazi, aliyoisema uani akipeta mchele, akidhani nimelala mkekani: "Kaka amejitoa."

Mtoto akipewa neno moja hukaa nalo kama alivyopewa. Mimi nilikaa na hilo. Nililichunguza peke yangu na nikafikia maana niliyoona inatosha: kujitoa ni kuondoka bila kuaga, na baada ya hapo watu wengine wanakutaja kwa sauti ya chini.

Kyimo nilikuta mvua. Waliozaliwa kule hawaioni tena, lakini mtoto wa Singida aliiona. Ilinyesha asubuhi tukienda shule, ikanyesha tukiwa darasani mpaka mwalimu akaacha kufundisha kwa sababu ya kelele za bati, ikapumzika kidogo, kisha ukungu ukashuka kutoka mlimani ukakaa kwenye migomba. Mlima wenyewe niliambiwa uko pale, nyuma ya mawingu, na kwa wiki nyingi niliamini kwa kuambiwa tu. Nguo hazikukauka. Daftari zangu zilikuwa laini kama mkate.

Mama naye ilimshangaza, lakini kwa namna yake. Kwao Singida tulioga kwa maji ya kopo, maji ya kuogea tukafulia, ya kufulia tukamwagilia mchicha. Kwa hiyo Kyimo, kila mvua iliponyesha, alikimbia nje na mabeseni yote ya nyumba, akayapanga chini ya bati, kisha akayafunika kwa sinia kama watu wanavyofunika maziwa. Ndani ya siku mbili hatukuwa na chombo kilicho tupu. Majirani walipita barabarani wakatazama yale mabeseni, wakasalimia kwa adabu, wakaendelea na safari zao.

Adabu hiyo nayo inahitaji maelezo. Watu wa kule walitupokea vizuri sana. Tuliamka tukakuta mkungu wa ndizi mlangoni, aliyeuleta ameshaondoka. Walimsalimia mama, "Mugonile, Mwalimu," wakiinama kidogo, naye alijifunza kujibu, akajifunza kusema "ndaga" kwa kila kitu alichopewa, maana neno hilo ni asante. Lakini hakuna aliyeingia ndani akakaa. Hakuna aliyemwita kwa jina lake, Zawadi. Aliitwa Mwalimu sokoni, Mwalimu kanisani, Mwalimu kisimani. Jioni, tukiwa tumefunga mlango, niliweza kumsikia akihesabu sukari kwa sauti, au akizungumza na sufuria, na nikajua kwamba hana mtu mwingine wa kuzungumza naye isipokuwa mimi, na mimi sikutosha.

Mimi nami sikuwa na mtu. Darasani tulisoma Kiswahili, lakini kengele ya mapumziko ilipolia wenzangu waliingia kwenye Kinyakyusa kama bata wanavyoingia majini. Hawakuwa wabaya. Walinivuta mkono nije kwenye mchezo. Lakini mzaha ulisemwa, wote wakacheka, kisha mmoja akanigeukia anitafsirie, nami nikacheka nikiwa nimechelewa. Ukicheka umechelewa kila siku, unafika mahali unaona afadhali ukae dirishani.

Sasa nifike kwenye bustani. Chini ya kanisa kulikuwa na eneo lililoteremka mpaka kwenye kijito, na wazee wa kanisa waliamua liwe bustani ya jamii, ili mboga zake ziende kwenye chakula cha mchana cha shule na kwa kina mama waliolazwa zahanati. Waligawa eneo lile katika vitalu, na kila kitalu kikawa na matuta yake na kundi la watu wake. Kila kitalu kilihitaji kiongozi mmoja: wa kusema kipandwe nini, leo zamu ya nani, mbegu zikae wapi, na mgeni asiyejua kushika jembe afundishwe na nani. Hakukuwa na malipo. Kulikuwa na kuitwa mapema na kulaumiwa baadaye.

Siku ya kuwapata viongozi tulikuwa kanisani, baada ya ibada, na mvua ilikuwa ikinyesha. Vitalu vya juu vilipata watu haraka. Kikabaki kitalu cha chini, kilichokuwa kijitoni kabisa, ambapo hata wakati wa kiangazi gambuti zilizama. Mzee aliyesimamia aliuliza, nani? Watu wakatazama viatu vyao. Akauliza tena. Niliona mkono wa mama ukipanda kando yangu, polepole, kama mkono wa mwanafunzi asiyekuwa na hakika na jibu.

Jioni ile, akimenya ndizi, aliniambia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Singida, "Mwanangu, nimejitolea."

Mnaona kilichotokea. Neno lile sikulisikia lote. Nilisikia mwanzo wake, ule niliokuwa nimeshapewa na shangazi, na yaliyobaki yalinipita. Nilimtazama anavyokata ndizi vipande vilivyolingana, nikajiuliza ni lini. Sikuuliza kwa sauti. Niliogopa kwamba nikiuliza atajibu.

Tangu hapo nilianza kuona dalili, na dalili zilikuwa nyingi. Ya kwanza ilikuwa ufunguo. Kwa kuwa sasa angeshinda bustanini baada ya saa za kazi, mama alichana kipande cha kitambaa, akaufunga ufunguo wa nyumba, akanivika shingoni. Ninyi mliokua na ufunguo shingoni mnaujua ubaridi wake unapoingia ndani ya shati. Kisha alinifundisha kuwasha jiko la mkaa, na kupima maji ya ugali kwa macho. Alisema nina akili, najifunza upesi. Nilijifunza upesi kwa hofu, maana nilijua ninafundishwa kuishi peke yangu. Kisha akaanza kugawa vitu. Jembe letu la ziada lilikwenda kwa mwanamke mmoja wa kitalu. Koti lake la mvua la zamani likaenda kwa mwingine. Mtu anayegawa vitu vyake, niliwaza, ni mtu asiyetaka mzigo njiani.

Jioni nilikaa dirishani na taa, nikitazama ukungu mpaka utoe umbo la mtu. Umbo lilipotoka likawa si yeye, nililichukia. Lilipokuwa yeye, nilikimbia kwenye daftari zangu nijifanye nasoma. Na nilipokwenda kulala nilichukua gambuti lake moja, la kushoto, nikaliweka chini ya mto wangu. Asubuhi alizunguka nyumba nzima akilitafuta, akalikuta kitandani kwangu, akalishika, akanitazama kwa muda. Kisha akasema panya wa Rungwe wana nguvu sana, akalivaa, akaenda. Usiku uliofuata nililichukua tena, naye asubuhi alikuja moja kwa moja kitandani kulichukua.

Jumamosi nilikwenda naye bustanini. Kundi la kitalu cha chini lilikuwa la wanawake, na wawili nawakumbuka vizuri zaidi kwa sababu waliishi karibu nasi. Mmoja ni Mama Tusekile, mwanamke mrefu, mwenye kicheko kilichosikika kabla hajafika. Mwingine ni mama mkwe wake, Bibi Subilaga, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimekaa miaka mingi katika Kinyakyusa, kwa hiyo kila z ilitoka kwake ikiwa s: zamu aliita samu, na kazi aliita kasi.

Mama alisimama mbele yao akaeleza mpango wake. Aliueleza vizuri, kwa fimbo, kama ubaoni. Matuta yatalazwa kukatisha mteremko, na miisho ya kila mfereji izibwe kwa udongo, ishindiliwe kwa miguu, ili maji yasipotee. Kwao ndivyo walivyolima. Kwao tone la maji likikuponyoka limekwenda kwa jirani.

Wanawake walitazama mifereji. Wakatazama kijito kilichojaa pale pembeni. Wakatazama mbinguni, ambako mvua ilikuwa ikijiandaa. Kisha wakatazamana, na mimi nililiona lile jicho likipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

"Haya, Mwalimu," alisema Bibi Subilaga. "Ndaga."

"Haya," wakasema wengine, wakaanza kuziba.

Mimi niliyasoma macho yale kwa kitabu changu. Nilijua kwa hakika: wote wanajua kwamba mama anaondoka, na wanamwonea huruma mtoto.

Mnajua kilichofuata, hasa ninyi mliolima mahali penye mvua. Mboga za chainizi zilitoka vizuri, zikasimama, mama akaja nyumbani akiimba. Kisha mvua kubwa zikaanza, na kila mfereji ukawa beseni. Majani yakawa ya njano kuanzia chini. Kabichi zikalainika shina, ukizigusa zinainama kama mtu mwenye usingizi. Vitalu vya juu vilianza kupeleka vikapu vya mboga shuleni, na mpishi alitaja kila kitalu kilicholeta. Chetu hakikutajwa. Mama alikwenda akapanda upya, akaziba miisho vizuri zaidi, akidhani maji yanatoroka mahali fulani na ndiyo maana mimea inateseka. Wanawake walimsaidia kuziba. Alipowageuzia mgongo walitazamana tena.

Harufu ya kitalu kile nilikuwa naisikia kwenye nguo zake. Ilikuwa harufu hiihii ya gunia, ila imezidi, imepita mahali pa uzima.

Jioni moja alikaa kwenye kigoda, viatu havijavuliwa, akatazama mikono yake. Sijui kama alikuwa akizungumza na mimi au na sufuria. Alisema, "Nitajitoa. Jumapili nitawaambia najitoa, wamtafute mwingine."

Hilo sasa lilikuwa neno lenyewe. Halikuwa na mkia. Lilikuwa lile la shangazi, lote, na lilikuwa na siku yake.

Sikulala sana. Asubuhi ilikuwa Jumamosi, na mama alikwenda shule kusahihisha mitihani. Nilifunga mlango, nikarudisha ufunguo ndani ya shati, nikapita kwenye migomba iliyonidondoshea maji shingoni, mpaka nyumbani kwa Mama Tusekile. Sikuwa nimewahi kuingia pale. Yeye alikuwa akimenya maharage mabichi jikoni, na Bibi Subilaga alikaa upande wa pili wa moto, miguu ameinyoosha.

Niliwaamkia. Kisha nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini yalipotoka yalikuwa mawili: "Mama anajitoa."

Mama Tusekile aliweka bakuli chini. "Anajitoa wapi?"

"Sijui. Baba naye alijitoa."

Sijui nilionekanaje, mtoto aliyelowa, ufunguo umetokeza nje ya shati. Mama Tusekile aliuliza nani kaniambia, nikasema yeye mwenyewe. Akauliza kwa nini, nikasema kwa sababu mboga zimeoza. Hapo alimgeukia mama mkwe wake, na wakazungumza Kinyakyusa kwa muda mrefu. Nilikamata neno moja, amisi, ambalo nililijua kwa sababu ndilo la kwanza kila mgeni hulijua kule. Ni maji. Amisi, amisi, walikuwa wakisema, na mara moja Bibi Subilaga alifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

Kisha alinitazama, akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, "Tuliona tangu siku ile. Tukanyamasa. Utamwambiaje mwalimu wa watu?"

Walichukua majembe. Njiani walipita kwa wenzao, na tulipofika kwetu tulikuwa kundi, na mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi. Aliona wanawake wamejaa uani kwenye mvua akadhani kuna msiba. Akachukua ufunguo wangu, akafungua mlango haraka, akitafuta kitambaa afute viti.

"Hatukai," alisema Mama Tusekile. "Vaa gambuti zako, Mwalimu. Tunakwenda kutoa zile mboga kwenye beseni."

Mama alisimama na kitambaa mkononi.

"Umeziogesha tangu mwezi uliopita," Mama Tusekile akaendelea. "Sisi tulisema, labda huko Singida kabichi zinaogelea."

"Mimi nilidhani anafuga samaki," alisema mwingine nyuma.

"Nilishanunua ndoano," akasema wa tatu.

Sasa wote walikuwa wakicheka, na mimi nilimtazama mama kwa hofu, maana tangu tufike hakuna aliyekuwa amemcheka usoni. Uso wake ulipita mahali pagumu. Nilidhani atarudi ndani. Lakini alisema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya ualimu, "Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa Mwalimu."

"Na sasa?"

"Sasa umetuchelewesha. Watoto wanakula mboga za vitalu vya watu." Mama Tusekile alisogea karibu, akapunguza sauti kidogo. "Hivi jina lako nani? Siwezi kumgombeza vizuri mtu ninayemwita Mwalimu."

"Zawadi," alisema mama.

"Sawadi," alisema Bibi Subilaga, akilijaribu mdomoni, kisha akalirudia ameridhika. "Sawadi, fungua maji."

Tulikwenda. Nilimwona mama akiingia kwenye ule mfereji wa kwanza, maji yamefika juu ya vifundo, akainua jembe na kuupiga udongo alioushindilia kwa miguu yake mwenyewe. Maji yalisita, kama yamesahau njia. Kisha yakapita, meusi, yamebeba majani ya njano, yakaenda kijitoni. Walifungua mfereji mmoja baada ya mwingine. Walibomoa matuta wakayainua upya, marefu, yameelekea chini, na muda wote walikuwa wakimgombeza: Sawadi, si hapo, Sawadi, utakata mguu, Sawadi, hilo jembe unashika kama kalamu. Naye alikuwa akijibu. Alikuwa akijibu na kucheka, kwa wakati, bila kuchelewa.

Tuliporudi nyumbani ukungu ulikuwa umeshuka. Alinishika mkono, mkono wake umejaa matope, akasema amesikia nilichokwenda kusema jikoni kwa Mama Tusekile. Hakukasirika. Aliniuliza nilidhani anakwenda wapi. Nikamwambia yote: shangazi, baba, mkono wake kanisani, ufunguo, ugali, koti. Alisimama katikati ya njia. Nadhani ndipo alipoelewa habari za gambuti.

Mwalimu ni mwalimu hata kwenye matope. Aligeuza jembe, akaandika kwa mpini wake kwenye udongo laini wa njia, herufi kubwa, KUJITOA. Chini yake akaandika KUJITOLEA. Akaniambia niyasome yote mawili kwa sauti, polepole, nikayasoma.

"Kuna nini hapa ambacho juu hakipo?"

Niliinama, nikaonyesha kwa kidole. Le.

"Hiyo le ni mtu," alisema. "Ni yule unayemtolea. Ukiiondoa, anabaki mtu anayeondoka tu."

Niliitazama ile le. Ilikuwa imeanza kujaa maji. Nikauliza mtu gani, na nitawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaliandaa jibu nililolitaka. Nilitaka aseme ni wewe, mwanangu. Ndilo nililolingoja.

Mama alifikiri. Hakuwa mtu wa kumpa mtoto jibu tamu kama si la kweli, na hilo nilikuja kumshukuru nikiwa mtu mzima, si siku ile. Alisema, "Nilikuwa namtafuta mtu atakayeniambia nimekosea."

Kisha akafuta matope usoni pangu kwa kiganja chenye matope zaidi, tukaenda nyumbani.

Tuliishi Kyimo mpaka nilipomaliza shule, na mama aliongoza kitalu cha chini miaka yote hiyo, na mpishi alikitaja kila wiki. Nyumba yetu ikapata watu. Waliingia bila kubisha, wakafunua sufuria, wakamwita Sawadi. Ningependa kuwaambia kwamba na mimi nilipata wangu, lakini haikuwa hivyo. Kinyakyusa nilikipata cha kuombea maji tu. Niliendelea kukaa dirishani, ufunguo shingoni, na bado kulikuwa na jioni ndefu ambazo mama alikuwa wa watu wengine. Tofauti ilikuwa moja, na kwa mtoto ilikuwa kubwa: nilijua kwamba umbo litakalotoka kwenye ukungu litakuwa lake. Niliacha gambuti zake zote mbili mlangoni.

Ndiyo hayo niliyoyakumbuka sakafuni. Baadhi ya viazi vilikuwa vimeanza kuchipua, na sikuweza kuvitupa, wala kuvila. Nilichukua ndoo ya plastiki, nikaijaza udongo mwekundu wa uani, nikachanganya na ule mweusi nilioukung'uta kutoka kwenye gunia mpaka chembe ya mwisho, nikapanda, nikamwagilia, nikaiweka kibarazani. Kila jioni nikitoka kazini nilimwagilia. Jengo ninaloishi lina watu wengi, tunasalimiana vizuri kwenye ngazi. Wananiita Afisa.

Machipukizi yalitoka, yakasimama, kisha majani ya chini yakaanza kuwa ya njano.

Nilimpigia Mama Tusekile kumshukuru kwa mzigo. Tulizungumza habari za msiba, kisha tukazungumza habari za mvua. Bibi Subilaga hayupo tena, lakini jina alilombatiza mama lipo. Aliniuliza kama viazi vya Sawadi vimefika salama, maana vilitoka kitalu chake, na kule bado ni chake. Nikamwambia habari za ndoo. Nikamwambia majani yanakuwa ya njano, na kwamba pengine maji hayatoshi, nitaongeza.

Nilidhani mtandao umekatika.

"Ndoo yako ina tundu?" aliuliza.

Niliinama, nikapapasa kitako cha ndoo, nikakikuta kizima.

Kile kicheko kilikuja kama zamani, kabla yake mwenyewe. Kiliendelea mpaka kikawa kilio kidogo, kisha kikarudi kuwa kicheko, na mimi huku nilikuwa nimesimama kibarazani, nikicheka naye kwa wakati uleule.

"Wewe ni wa Sawadi kweli," alisema alipopata pumzi. "Umekosea, mwanangu. Toboa ndoo."

Nilipasha msumari kwenye moto wa gesi, nikaushika kwa koleo, nikautia kitakoni mwa ndoo. Plastiki ilinuka, kisha ule udongo ukanuka kuliko plastiki. Maji yalisita kidogo, halafu yakatoka, meusi, yakapita kwenye sakafu ya kibaraza, yakazunguka miguu yangu, yakaenda ukingoni. Sikutafuta kitambaa. Niliyaacha yapite.